Mama Alipoacha Kuitika

Trei ya mayai ikilowa maji hutoa harufu yake, si ya yai wala si ya karatasi, na harufu hiyo ninayo puani hadi leo. Mwezi uliopita nilikwenda Takaungu kukifungua chumba cha mama, miezi mitatu baada ya kumzika kwao Rabai, nikakuta mvua imepenya darini na trei zote alizozigongomea ukutani zimevimba. Nyingine zilikuwa zimeanguka, nyingine zinaning'inia kwa msumari mmoja. Nikaketi sakafuni, mtu mzima na miwani yangu, nikazililia trei za mayai. Matangani machozi yalinikatalia kabisa. Mama zangu wadogo walinitazama kwa jicho la pembeni, na mmoja nilimsikia akinong'ona kwamba mtoto mkavu kama mimi hajapata kumwona. Hakukosea sana. Mimi na mama tulikuwa na jambo letu, na nitalieleza hapa lilivyokuwa, hata kama linanivua nguo.

Trei zile zilikuwa za kuzuia mwangwi. Nyumba ni ya kale, ya mawe, kuta nene za kumshinda hata mwizi mwenye mtaimbo, na mwenyewe ni Bi Rukia, aliyetupangisha chumba cha nyuma na kipande cha ua. Mama alizunguka akiomba trei kwa wakaanga chipsi wa Kilifi na Mtwapa mpaka chumba kikajaa. Wenzangu shuleni wakavumisha kwamba kwetu tunakula mayai asubuhi, mchana na jioni. Sikuwakanusha, maana ukweli ni kwamba tulikuwa tukila mihogo.

Mama yangu alikuwa mpiga gitaa la umeme. Nalisema wazi kwa sababu nimekua nikiwasikia watu wakilizungukazunguka neno hilo kana kwamba ni ugonjwa. Jina lake Mbeyu. Alijifunzia gitaa kanisani Rabai, akiwa msichana wa kwaya, kisha akachukuliwa na bendi ya hoteli moja Malindi, ambako kwa miaka sita aliwaimbia watalii nyimbo zilezile saa ya chakula. Siku moja akaliweka gitaa mgongoni akatoka. "Nimechoka kuwaimbia watu wanaotafuna," ndilo alilosema, na bibi yangu kule Rabai alipopata habari kwamba mwanawe ameacha kazi ya mshahara, na mimi nikiwa ningali mgongoni, alijibu kwa neno moja tu: sikio la kufa halisikii dawa. Baba yangu namjua kwa jina, na katika habari hii hahusiki.

Muziki aliotaka kuupiga haukuwa na mwenyewe hapa pwani. Ulikuwa mzito, wa polepole, gitaa linakwaruza kama mtu anayeburura bati kwenye mawe, na chini yake mdundo wa mwanzele, ngoma ya kwao ya matanga. Aliupiga na watu wawili. Mmoja ni Kazungu, mpiga dramu, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kugema. Wa pili ni Feruzi, kijana wa Takaungu, fundi redio, aliyepiga gitaa la besi macho yamefumbwa. Walicheza kwenye mabaa ya Kilifi na mara moja kwenye harusi, wakaombwa wapumzike. Kanda yao ya kwanza mama aliirekodi mwenyewe, akainakili mwenyewe moja baada ya nyingine, akachora majalada kwa kalamu. Bado ninazo nakala kumi na moja ambazo hazikupata mtu.

Basi tukala kwa nyimbo za watu wengine. Mama alikuwa mtu wa kurekodi, na katika hilo hakuwa na mpinzani kutoka Mtwapa mpaka Malindi. Kwaya zilikuja, madrasa zikaleta watoto wa kasida, kina mama wa Junju wakamwita shambani awarekodi wakiimba palepale wanapopalilia. Alikuwa mkali. Kwaya ya watu thelathini ikiimba, yeye hunyoosha kidole: "Wewe wa tatu kutoka mlangoni, sauti imelala. Rudia." Na kweli ndiye. Watu walisema Mbeyu anasikia hata unachofikiria.

Adui yake mkubwa alikuwa mvumo wa stima. Waya ukishika vibaya, au soketi ikiwa mbovu, sauti fulani nyembamba huingia kwenye kanda na kukaa chini ya wimbo wote, kama inzi aliyenaswa ndani ya chupa. Asiyeujua hausikii. Akishaujua hasikii kingine. Mama alinifundisha kuutambua kabla sijajua kusoma. Alinivisha hedifoni zake, zikanifunika mpaka mashavuni, akachezesha kanda mbili: "Hii ina mvumo. Hii haina. Umesikia?" Nikasikia. Akanibeba juu akazunguka nami chumbani, huku anacheka. Ndiyo furaha kubwa niliyowahi kumpa, nami nilijua hivyo hata wakati ule.

Lakini kazi yake hasa, iliyomfanya aamke, ilikuwa nyimbo zake kumi. Alizitunga kwa miaka. Kampuni moja ndogo ya Nairobi ilikuwa imemwahidi kwamba akiileta kanda iliyokamilika, safi, wataitoa kwa jina lake. Jina lake, si la kwaya wala la hoteli. "Nyimbo zangu kumi, halafu nizikeni," alizoea kusema huku akikuna mihogo, na Bi Rukia humkemea kwa kuchezea kifo.

Bi Rukia ndiye aliyenifunza adabu. Mimi nilikuwa nikiamkia kama watoto wa mashambani, kwa sauti ya kukata anga, nikimtazama mtu usoni. Mama hakujali. Kwao shikamoo yenyewe ni kitu cha kujifunzia mjini. Bi Rukia ilimkera. Siku moja alinishika sikio, si kwa nguvu, akaniketisha kwenye baraza.

"Wewe Sidi, mkubwa haamkiwi kama aitwaye mbuzi malishoni. Mtoto wa kike sauti yake haivuki kizingiti. Wainama, wampa mkono, macho chini, sauti ndani. Haya, niamkie."

"Shikamoo, Bibi."

"Ndani zaidi."

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sasa umekuwa mtu."

Nilijiona nimekuwa mtu kweli. Kesho yake asubuhi nikamwendea mama, aliyekuwa ameketi na gitaa ukingoni mwa kitanda, nikainama, nikampa mkono, nikayatupa macho sakafuni, nikasema kwa sauti ile mpya ya ndani: "Shikamoo, mama." Akaupokea mkono. Hakuitika.

Nikadhani yumo kwenye wimbo. Siku ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu niliisema mara mbili, akaniminya vidole kidogo na kugeuka kutafuta waya. Nyinyi mliolelewa kama nilivyolelewa mtanielewa. Shikamoo isiyoitikwa si jambo dogo kwa mtoto. Bi Rukia mwenyewe alikuwa ameniambia kwamba mzazi akiinyima marahaba yake ameinyima radhi, na asiye na radhi ya mama hata akila hashibi. Nilianza kujichunguza kushiba kwangu. Naapa nilikuwa silali njaa na bado nasikia njaa.

Sababu nilikuwa nayo, au nilidhani ninayo. Mama alipiga nyuzi kwa kipande cha kifuu cha nazi alichochongewa na Feruzi, kimelainika kwa kushikwa, kimekaa umbo la dole gumba lake. Nilikuwa nimekichukua kuchezea kule mkondoni maji yakiwa yametoka, kikanitoka mkononi, kikazama kwenye tope la mikoko. Mama alikitafuta siku nzima, kisha Feruzi akamchongea kingine, na hakuna aliyeniuliza. Kule kutoulizwa ndiko kulikonila. Nikaamua kwamba anajua, na hii ndiyo adhabu yake: hatanipiga, hatanisema, atanifuta tu. Nikaenda kukitafuta kile kifuu kwenye tope mara nne. Mara ya nne nilikatwa na chaza unyayoni, na kovu lipo.

Mambo mengine yalizidi kunithibitishia. Mama aliacha kupokea hodi. Bi Rukia alikuwa akisimama mlangoni kwetu, hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha anarudi zake kama desturi itakavyo. Siku moja alinikamata uani.

"Kwani mamako yuaringa siku hizi? Nimebisha hodi tatu, na mtu yumo ndani namwona kisogo. Nimemkosani mie?"

"Sijui, Bibi."

"Mwambie mpangaji hamringii mwenye nyumba."

Sikumwambia. Nilijionea fahari ya kipumbavu kwamba si mimi peke yangu niliyefutwa. Na lingine: nilianza kumfumania mama ameliinamia gitaa, amelaza taya yake juu ya mbao, meno yameshika ukingo, macho kafumba, huku anagusa uzi mmojammoja. Nilisimama mlangoni nikamtazama. Mimi hakunibusu hivyo. Nilimchukia yule gitaa, naam, yule, maana kwangu alikuwa mtu, dada yangu mkubwa anayependwa kuliko mimi.

Walirekodi nyimbo zile kumi kwa Jumamosi nyingi, mchana, Feruzi na Kazungu wakija baada ya shughuli zao. Mama aliwasha mashine, akahesabu kwa kutikisa kichwa, wakapiga. Zilipokwisha, Kazungu akarudi kwenye minazi yake, na Feruzi akaenda Mombasa kutafuta kazi bandarini. Ikabaki kazi ya mwisho, ambayo kila mara mama aliifanya peke yake: kukusanya sauti zote, kupandisha hii na kushusha ile, na kuzihamishia kwenye kanda moja kuu ya kupeleka Nairobi.

Siku hiyo aliniita. Nilikuja mbio, maana hakuwa ameniita kwa wiki nyingi. Alinivisha hedifoni kama zamani, ila sasa zilinikaa sawasawa.

"Nisikilizie, mwanangu," alisema. Alikuwa akinitazama mdomoni kwa namna iliyonitia haya. "Kuna mvumo?"

Ulikuwepo. Mwembamba, chini kabisa, chini ya besi ya Feruzi, lakini ulikuwepo tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Niliusikia kama ninavyowasikia nyie mkipiga chafya. Na nilipotaka kusema nikakumbuka asubuhi ya siku ile, jinsi nilivyoinama, na jinsi alivyoushika mkono wangu na kuuachia bila neno. Nikawaza: ana haja na masikio yangu, na mimi mwenyewe hana haja nami.

"Hakuna," nikasema.

"Una hakika?"

"Hakuna, mama. Safi."

Akazihamisha zote kumi kwa siku mbili. Kila wimbo aliniuliza, na kila wimbo nilijibu vilevile. Kwenye wimbo wa sita nusura niseme. Nilifungua mdomo, naye akatabasamu, akanipigapiga begani kana kwamba nimeshajibu, nikaufunga. Hadi leo nikisikia mtu akisema watoto hawana ubaya huwa nanyamaza tu.

Mama aliipeleka kanda stendi ya mabasi mwenyewe, imefungwa kwenye kitambaa, akarudi anaimba njiani. Alikuwa akiimba nje ya noti, sauti imeshuka chini ya wimbo, jambo ambalo hakuwa amelifanya maishani, na hata hilo nikaliona ni maringo.

Jibu lilikuja kwa simu. Simu tuliyokuwa tukiipokelea ilikuwa ya Bi Rukia, aliyoletewa na mwanawe wa Arabuni, na siku hiyo alikuja nayo mbio mpaka uani, akiinyoosha mbele kama sinia la moto. "Nairobi! Nairobi hao!" Mama alikuwa akikanda unga wa chapati. Aliitazama simu, akanitazama mimi, akainua mikono yake yenye unga.

"Pokea wewe, Sidi. Mimi mikono hii."

Nikapokea. Mwanamume wa upande wa pili aliniuliza kama mimi ni mtoto wa Mbeyu, nikasema ndiyo. Hakuwa mkali. Ingekuwa nafuu kama angekuwa mkali. Alisema nimwambie mama nyimbo ni nzuri, nzuri hasa, lakini kanda nzima ina mvumo mwanzo mwisho, haiwezi kutolewa, na kwamba wenzake ofisini wamecheka, wakauliza huyu mama anarekodi kwa masikio ya nani. Kisha akasema pole, akakata.

"Wanasemaje?" mama akauliza. Bi Rukia naye alisimama pale, mkono kifuani, tayari kupiga kigelegele.

"Wanasema kuna mvumo."

"Kuna nini?"

"Mvumo. Nyimbo zote kumi. Wanasema hawawezi."

Mama aliishusha mikono yake. Alikaa akiangalia ule unga. Halafu akauliza, taratibu, "Wewe uliusikia?"

Hapo ningeweza kuuacha ule uongo. Nilikuwa na umri wa kujua kwamba naweza kuuacha. "Sikuusikia," nikasema.

Nilitegemea hasira. Kilichomjia usoni kilikuwa hofu, hofu tupu, ambayo sikuwahi kuiona kwake hata siku tuliyoingiliwa na nyoka. Alinivuta kwa mikono yake ya unga, akanishika kichwa huku na huku, akayatazama masikio yangu kama anayetafuta kitu kilichoingia. Alinipaka unga mpaka nywele. "Hapana," alikuwa akisema. "Hapana, si wewe. Si wewe pia." Nami kwa utoto wangu nikadhani amenisamehe.

Babu yangu wa Rabai alikuwa amezibika masikio kabla hajaota mvi. Nilikuwa nalijua hilo kama unavyojua kwamba babu ana upara. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba ni kitu cha ukoo.

Kesho yake alfajiri tulikuwa kwenye foleni ya hospitali. Mama alinishika mkono njia nzima, na kule kwenye benchi aliniweka mapajani, msichana mkubwa mimi, miguu inagusa chini. Mpimaji alikuwa kijana mpole kutoka bara. Alinivisha hedifoni nikiwa bado mapajani mwa mama, akaniambia niinue mkono nikisikia mlio. Nikainua. Akasimama nyuma yangu mbali, akanong'ona majina ya matunda, nami nikayarudia: embe, fenesi, stafeli, ndizi. Niliyapata yote. Nilitaka kuyakosa, lakini nilikuwa mtoto wa kupenda kushinda.

Yule kijana akageuka kuandika. Akasema, kichwa kimeinamia karatasi, "Mama, huyu mtoto anasikia mpaka mchwa wakila mlango. Hana tatizo lolote."

Mama akanigeukia. "Anasemaje?"

Chumba kilikuwa kidogo. Kijana alikuwa hatua mbili kutoka kwetu na hakuwa amenong'ona. Nilimwangalia mama, nikaangalia kinywa chake kilichokuwa wazi kikingoja, na hapo, kwa mara ya kwanza, nikaelewa. Zile hodi. Meno kwenye mbao za gitaa. Unga mikononi. Si kwamba alikataa kuitika. Hakuwa amesikia. Nilielewa yote kwa mara moja, na palepale nikatakiwa kujibu.

"Anasema masikio yangu ni mazima," nikasema.

Alinitazama kwa muda. Niliiona hesabu ikipita usoni mwake, kutoka kwenye furaha kwamba mtoto wake ni mzima, mpaka kwenye lile linalofuata. Mtoto mwenye masikio mazima aliketi saa nyingi na mvumo ule akasema hakuna. Aliniteremsha mapajani.

"Na wewe mama, umewahi kupimwa?" kijana akauliza, safari hii akimkabili.

"Mimi nimekuja kwa ajili ya mtoto," mama akasema.

Hakuniuliza kwa nini. Si siku ile, si siku yoyote. Laiti angenipiga. Tuliporudi alizitia kanda zote za nyimbo zile kumi kwenye kopo la biskuti akampa Feruzi, aliyekuwa amekuja kwa sikukuu. Gitaa alilitundika kwenye msumari. Kwaya zilikuja mara mbili tatu, zikabisha hodi, zikaenda zao, na mwaka haukwisha akawa anakaanga viazi vya karai mbele ya nyumba. Wateja walinyoosha vidole kuonyesha wanataka vingapi. Alipofika umri nilio nao mimi sasa alikuwa hasikii hata radi.

Nami nikaacha kumwamkia. Kwa aibu. Niliinama, nikatoa mkono, midomo nimeifunga, maana kila nilipotaka kusema shikamoo nilisikia nikisema hakuna. Tuliishi hivyo miaka, kwa wema, tukipikiana na kuuguzana, mikono inapeana kila asubuhi bila neno. Nilipokuja kuwa na simu ningeweza kumwandikia. Niliandika mara nyingi, nikafuta.

Sasa hilo kopo. Nilipokuwa nimekaa chini na trei zangu zilizolowa, Feruzi alipiga hodi. Ana ndevu nyeupe siku hizi, anatengeneza simu Kilifi mjini. Alikuwa amebeba ile mashine ya mama ya kurekodia, aliyoichukua baada ya matanga kwenda kuibadilisha mkanda, na kopo la biskuti lenye kutu pembeni.

"Mamako alinambia nizichome," alisema. "Mimi ni fundi, mwanangu. Sichomi kitu kifanyacho kazi."

Aliniunganishia waya, kisha adhana ya alasiri ikaadhiniwa, akaniacha peke yangu akaenda msikitini.

Hizi hazikuwa ile kanda kuu iliyokwenda Nairobi. Hizi ni kanda za mwanzo, za Jumamosi zile. Nikavaa hedifoni. Kazungu akagonga vijiti, besi ikaingia, na gitaa la mama likaanza kuburura bati lake kwenye mawe, na sauti yake juu yake, ya mwanamke aliye mdogo kuliko mimi. Nikasubiri mvumo. Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili. Hapakuwa na mvumo. Mvumo ulikuwa umeingia mwishoni tu, kwenye waya wa kuhamishia, waya mmoja mbovu wa kubadilisha kwa dakika tano. Neno langu moja, na zingetoka. Zimekaa chini ya kitanda cha Feruzi muda wote huu, nzima, safi, na mwenyewe amelala Rabai.

Mwisho wa wimbo wa tatu hawakuizima mashine. Nikasikia kiti kikisogezwa, mtu akinywa maji. Kisha mama, karibu sana, kana kwamba yupo begani:

"Feruzi. Sidi anakuamkia wewe?"

"Kila nijapo. Adabu kamtia Bi Rukia."

"Mimi haniamkii siku hizi. Anainama, ananipa mkono, anaondoka kimya. Wiki ya ngapi hii."

"Muulize."

"Siwezi." Uzi mmoja wa gitaa ukalia. "Nikimuuliza, akaniambia ameniamkia siku zote, basi nitakuwa nimejua."

"Kujua nini, dada?"

"Unalijua." Akavuta pumzi. "Bora niseme amenikasirikia. Hasira ya mtoto huisha. Nikimaliza kazi hii nitamwita anisikilizie. Yeye akisema safi, ni safi."

Kisha mlio wa kitufe, na kanda ikabaki inazunguka.

Nikavua hedifoni. Nikasimama katikati ya chumba kile kinachonuka trei, na nikasema shikamoo. Niliisema kwa sauti ya mashambani, macho juu, ile ya kuitia mbuzi, ile niliyokatazwa, mpaka kuta zikairudisha, maana trei zilizobaki hazikutosha tena kuimeza.

Feruzi ndiyo kwanza alikuwa anavua viatu mlangoni, ametoka msikitini. Akadhani namwamkia yeye.

"Marahaba, mwanangu," akaitika.

Sikumsahihisha.